Tumbo la Shaka Haliingii Chunguni

Mpelekee Adolphine samaki aliyekufa, naye atakusimulia alivyoishi. Pale mwaloni Baraka, ufukoni mwa ziwa mitumbwi inaposhusha samaki, wako wanaopasua samaki kama wanaopasua kuni, almuradi kazi iishe. Adolphine anapasua na kusoma. Anaingiza kisu chake kilichochongwa kwa kipande cha msumeno, anatia vidole viwili, anatoa tumbo na kulilaza juu ya ubao, na kabla hujamaliza porojo zako ameshakwambia: "Huyu balimutoa ku mawe ya kule Swima. Ona, amekula kaa." Au anakurudishia samaki wako mzima mzima: "Huyu haiko wa leo. Mupelekee ule mwizi, umuambie ni mi nimekutuma."

Amefanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja. Wavuvi wanamwogopa kidogo, wateja wanampenda sana, na yeye mwenyewe anajipenda vya kutosha, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Malipo yake makubwa ni matumbo. Mteja anachukua samaki wake msafi, Adolphine anabaki na vya ndani, na kwa vya ndani hivyo amejijengea jina. Mwanamke yeyote wa avenyu yao akijifungua, siku ya kumtoa mtoto nje anapikiwa chungu cha Adolphine: maini, mayai, mafuta na matumbo ya kuhe watano, wale samaki wakubwa wa ziwani, yameoshwa kwa majivu na ndimu, yamechemka na mawese, nyanya chungu na pilipili moja nzima isiyopasuka. Kwa nini watano? Kwa sababu mama yake alipika watano. Ukimuuliza zaidi ya hapo anakutazama kana kwamba umeuliza kwa nini Jumapili inakuja baada ya Jumamosi. Lakini sharti la pili ni lake mwenyewe, na hilo halipindi kwa mtu: tumbo la shaka haliingii chunguni. Lenye doa, lenye harufu, lenye kitu asichokijua, linafukiwa mchangani hata kama mzazi ni mke wa mchungaji.

Sasa kuna mumewe. Wilondja ni fundi wa nyavu, na kituo chake ni hatua arobaini kutoka ubao wa Adolphine, chini ya hema chakavu, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walijuana hapo hapo. Kijana Wilondja alikuwa akimletea samaki wa kupasua kila asubuhi, mwezi mzima, hata Adolphine akamuuliza nyumba yao ina watu wangapi wanaomaliza samaki wote hao. Ikagundulika anaishi peke yake. Tena ikagundulika hali samaki. Fundi wa nyavu asiyekula samaki! Mtaa mzima ulicheka, na mpaka leo unacheka. Samaki wote wale alikuwa akiwagawa kwa majirani, ili kesho apate sababu ya kurudi. Adolphine akaona mwanamume anayejitaabisha namna ile ama ni mjinga ama ni wa kuolewa naye, na akaamua asijisumbue kuchagua.

Kila wavu unaotoka mikononi mwa Wilondja una alama yake: kwenye kona ya mwisho anafunga uzi wa rangi ya chungwa. Anaupata kwenye magunia ya vitunguu yanayoteremka kutoka Bibokoboko; anayafumua kwa subira, uzi baada ya uzi. Wavuvi wanaamini wavu wenye chungwa la Wilondja haurudi mtupu, naye hajawahi kuwakatalia.

Akishafunga alama hiyo, anafanya jambo moja alilolirithi kwa baba yake. Anakusanya mabaki ya nyuzi alizokata, anaingia majini mpaka magotini, anayatupa na kusema: "Kula, unitambue." Wanaita kulisha ziwa. Ziwa likishaonja wavu, litaujua, na halitaupasua. Babu yake alifanya hivyo, baba yake alifanya hivyo, na Wilondja hajawahi kuacha mwaloni bila kufanya hivyo. Adolphine alipenda kumtazama pale majini, suruali imekunjwa, anaongea na ziwa kwa adabu kama anayeongea na mama mkwe. Kusema kweli, hakuna kitu cha mumewe alichokipenda zaidi.

Mwaka huu ziwa lilipofunguliwa baada ya miezi ya marufuku ya kuvua, Gentille akajifungua. Huyu ni kifungua mimba wao, ameolewa Nundu na mwalimu mmoja mpole aitwaye Bertin. Alikaa kwenye ndoa miaka tisa bila mtoto. Kwa miaka hiyo tisa Adolphine aliwapikia chungu mabinti wa watu, akawabeba watoto wa watu, na Gentille akija kusaidia kumenya nyanya chungu, mama na binti walikuwa wakiongea habari za mvua. Sasa Gentille yumo chumbani kwa mama yake, amelala ubavu, na pembeni yake kuna kitu kidogo chenye hasira kinaitwa Divine. Adolphine alikwenda kukichungulia mara kumi kwa siku, na mara zote kumi alilia, kisha akamkemea Wilondja kwa kulia.

"Siku kumi," alisema. "Siku ya kumi tunamutoa inje, na chungu yake nitaipika vile sijawahi kupika."

Asubuhi ya kwanza alipata kuhe wawili. Wa kwanza alikuwa safi. Wa pili alimshangaza mkononi tu, kabla ya kisu: kichwa kikubwa, mwili mwembamba, lakini tumbo limejaa. Akapasua. Ini lilikuwa limepauka, rangi ya chai ya maziwa. Akakata na tumbo, na ndani yake, katikati ya ndagala, dagaa wa ziwani, waliosagika, mlikuwa na fundo dogo la nyuzi. Akalisuuza kwenye beseni. Rangi ya chungwa.

Kanyange, Mrundi wa kambi ya wakimbizi anayelima mihogo na kupasua samaki siku za soko, alinyoosha shingo kutoka ubao wa pili. "Mama Gentille, samaki yako inakulaka bitunguu?"

"Nyamaza, fanya kazi yako," Adolphine akasema, na akalifungia fundo lile kwenye pindo la kitenge. Kanyange akashangaa, maana si kawaida ya Adolphine kuacha utani upite bila kuulipa.

Hatua arobaini kutoka pale, Wilondja alikuwa amesimama majini. "Kula, unitambue," alikuwa akisema.

Mnajua jinsi mtu anavyojidanganya. Adolphine alijiambia ni bahati mbaya, samaki mmoja mlafi. Kesho yake akapasua watatu. Mmoja alikuwa safi. Mmoja alikuwa na kipande cha mfuko mweusi na chembe za kandambili. Mmoja alikuwa na chungwa. Keshokutwa, chungwa tena. Akaanza kuwapasua hata ndagala, kazi ambayo hakuna mwenye akili timamu anayeifanya, akayapaka matumbo yao madogo kwenye sahani nyeupe na kuyainamia. Humo namo, kama manyoya ya kifaranga, mlikuwa na vumbi la chungwa. Alikumbuka pia mambo aliyokuwa ameyaona miaka yote hii na kuyapa majina mengine: mayai ya kuhe yanazidi kupungua, maini yanazidi kupauka, samaki ameshiba na amekonda. Yeye, msomaji wa matumbo, alikuwa ameruka ukurasa.

Kila uzi aliupeleka nyumbani akautia kwenye kopo tupu la nyanya, akalificha nyuma ya gunia la makaa. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Lakini Adolphine hakuwa anaficha maradhi yake. Alikuwa anamficha mumewe.

Siku ya sita Bertin akaja kutoka Nundu kumwona mkewe na mwanawe. Huyu anafundisha biolojia, na ni mkwe mwenye adabu zake: alikaa mlangoni, uso ameuelekeza uani, kama inavyompasa mbele ya mama wa mke wake. Adolphine akasukuma kopo kwa mguu mpaka likamfikia.

"Mwalimu, niambie. Hii kintu, ndani ya tumbo ya samaki, inafanyaka nini?"

Bertin akalichungulia. "Mama, uzi ya gunia haiozake," akauambia ua. "Jua inaikausha, mawimbi inaisaga, inakuwa vumbi. Ndagala banazania ni chakula. Kuhe anakula ndagala. Tumbo inajaa, lakini nguvu haiko. Na ile vumbi inabebaka na bingine: rangi yenyewe, mafuta ya bamoteri ya mitumbwi, dawa ya mashamba. Ini njo inapokeaka yote."

"Na muntu mwenye anakula ile ini?"

"Benye kusoma bado banatafuta. Sitakudanganya, mama."

"Basi mi sitangoja bamalize," Adolphine akasema. Bertin alitaka kuuliza nyuzi hizo ni za nani, lakini rangi ile aliijua, kama kila mtu wa Baraka anavyoijua. Akanyamaza, na Adolphine akampenda kwa hilo.

Jioni ile, jua bado lipo, Wilondja alionja sombe yake ya majani ya mihogo, akaweka kijiko chini. "Mama Gentille, hii ni mara ya tatu unasahau chumvi. Kuko nini?"

"Hakuna."

"Tuko pamoja miaka makumi tatu. We ukisahau chumvi, kuko muntu amekufa."

Hapo Adolphine akashindwa. Alikwenda nyuma ya gunia la makaa, akaleta kopo, akamwaga nyuzi zote kwenye mkeka mbele ya mumewe.

Wilondja alichukua uzi mmoja, akaugeuza kwenye mwanga. Yeye hukata kwa jino la pembeni, maana meno ya mbele yalishamtoka, na ncha inabaki imebanwa upande. Akachukua wa pili. Wa tatu.

"Umeitoa wapi?"

"Ndani ya kuhe. Ya chungu ya Gentille."

Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejitetea mbele ya marehemu: "Baba yangu alikuwa anatupa."

"Baba yako alikuwa anasuka kamba ya magome ya miti," Adolphine akasema. "Ziwa ilikuwa inaikula, inamaliza. Hii yako inaimeza tu, Papa Gentille. Haiwezi kuimaliza."

Wilondja akasimama, akavaa kandambili, akatoka. Adolphine alimwacha aende, na moyo ulimuuma vibaya sana. Angeweza kuvumilia kama angepiga kelele. Mwanamume yule alikuwa amelisha ziwa miaka yote kwa mapenzi, na yeye ndiye aliyemwambia alikuwa akilisha nini.

Siku mbili Wilondja hakugusa wavu. Alichukua chekecheo la mchanga la waashi, akawa anachekecha ufuko mbele ya hema lake, toka asubuhi. Watoto walidhani anatafuta dhahabu. Wavuvi walimtania, halafu wakaacha kumtania. Alikuwa akitoa nyuzi, nyingine za chungwa, nyingi zaidi si zake: nailoni ya kijani, vipande vya mabeseni, mifuko, mawe ya redio, yaani betri, yaliyovimba kwa kutu. Kanyange alimwambia Adolphine ampelekee maji. "Peleka weye," Adolphine akajibu, kisha akapeleka mwenyewe. Wilondja alikunywa yote, na alipomrudishia kikombe alikishika kidogo kabla ya kukiachia.

Siku ya tisa ikafika, na Adolphine alikuwa na matumbo matatu tu safi, yamekaushwa kidogo juu ya moshi yasiharibike. Alikuwa amepasua kuhe kumi na wanane. Alfajiri mtumbwi ulisukumwa majini, na aliyekaa mbele na ndoano mkononi alikuwa Wilondja, mtu anayepata kichefuchefu cha mawimbi tangu utotoni. Alirudi saa sita mchana, rangi imemtoka, ametapika mpaka hana la kutapika, na kuhe wawili wakubwa wamelala miguuni pake.

"Tumetoka nao mbali," alisema. "Ku mawe, kule haiko nyumba. Pasua."

Adolphine akapasua wa kwanza. Ini jekundu, tumbo safi, mayai tele. Wanne sasa. Kanyange akapiga kigelegele kifupi. Adolphine akamgeuza wa pili, akaingiza vidole, akatoa tumbo, akalikata. Halafu akaweka kidole gumba juu ya ubao, haraka, akakibana hapo.

"Safi," alisema. "Watano. Mungu ni mwema."

Hakuwahi kusema uongo juu ya tumbo la samaki. Hata siku mke wa gavana mmoja alipotuma dereva, hakusema. Alisema sasa, kwa sababu ya mtu aliyesimama mbele yake akiyumba kwa kichefuchefu, na mara hiyo hiyo akajua kwamba tumbo lile hatalipika. Angelifukia kimya kimya na kuweka la kuhe mwingine yeyote, au lolote, ilimradi mzee huyu alale amefurahi.

Wilondja alitazama kidole. "Toa."

"Papa Gentille..."

"Mama Gentille. Toa kidole."

Akakitoa. Ulikuwa uzi mdogo, urefu wa ukope. Ulikuwa umepauka kwa kukaa sana majini, lakini ulikuwa wa chungwa, na ncha yake ilikuwa imebanwa upande. Wilondja aliuokota kwa kucha zake mbili na kuutia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Haiingii," alisema. Akalifukia tumbo lile kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kumi ua ulijaa. Gentille alitoka na Divine amefungwa kwenye kitenge kipya, uso wake umenawiri, akakalishwa kwenye kiti kilichotandikwa. Wamama waliimba. Adolphine alileta chungu na kukifunua, mvuke ukapanda, na kila mwanamke aliyewahi kukinywa alifumba macho kidogo. Gentille akachungulia. Alikuwa amemenya nyanya chungu za chungu hiki miaka tisa, hakuna wa kumdanganya.

"Mama," akasema, "mbona haijafika watano? Iko wane."

Adolphine akafungua mdomo kujibu.

"Ya tano niliikula mi," Wilondja akasema kutoka kwenye ukuta aliouegemea.

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Wilondja! Kuhe! Mtu aliyekula sombe kwenye harusi yake mwenyewe! Hata Bertin, uso wake ukutani, alitikisika. Wilondja aliwangoja wamalize. Kisha akafungua kifungo cha mfuko, akatoa uzi ule, akauinua, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuuona kwa udogo wake, akapita nao mbele ya kila mtu, mmoja mmoja, kama anayepitisha kikapu cha sadaka.

"Hii ilikuwa ndani ya tumbo yake. Ni yangu. Mi njo niliitupa. Nilizania niko napatia ziwa chakula." Alipofika mbele ya binti yake akasimama. "Mwana wangu, umengoja miaka tisa. Nisamehe tumbo moja."

Gentille alimshika mkono ulioshika uzi, akauvuta mpaka kwa mtoto, na Divine, kama wafanyavyo watoto wote, akafunga ngumi yake kwenye kidole cha babu. Adolphine alilia waziwazi na hakumkemea mtu. Alikuwa na haya, alikuwa na furaha, na alimpenda mzee yule kuliko siku za samaki wa kila asubuhi. Kisha Gentille akanywa. Wanne walitosha.

Ziwa halikupona siku ile; tusidanganyane. Mifuko bado inateremka na mito mvua zikinyesha, na Adolphine anafukia matumbo mengi kuliko anayoyapika. Nyavu bado ni za nailoni. Lakini mabaki ya Wilondja sasa yanakwenda kwenye gunia la vitunguu linaloning'inia hemani, na wavuvi watatu wameanza kutia ya kwao humo, wakidai ni kwa ajili ya bahati.

Wiki iliyofuata alimaliza wavu wa kwanza tangu siku ile. Adolphine aliacha samaki nusu amepasuliwa, akaja kusimama mchangani. Wilondja alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini. Mkononi alikuwa na tonge la bugali, limebaki kwenye chakula chake cha mchana.

Alilimega, akalitupa. "Kula," akaliambia ziwa kwa adabu. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza: "Hii ni chakula."

Samaki wadogo wakaja, wakala, wakamaliza.